Mkulima wa Mkwajuni: Kutoka gunia la mahindi hadi mnada wa ufuta

Na Mwandishi Wetu

MKWAJUNI, makao makuu ya Wilaya ya Songwe katika mkoa wenye jina hilo hilo, ni mji uliolala upande wa Bonde la Ziwa Rukwa, mahali ambapo jua la mchana ni kali na mvua huja kwa kusuasua. Jina lake, lenye maana ya mahali penye mkwaju, linamweleza mgeni habari za nchi ile kabla hajaona shamba hata moja, kwani mkwaju ni mti upendao joto na nchi kavu. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi wakulima wa eneo hilo wamelima mahindi kana kwamba wanaishi Mbozi, juu milimani, kwenye ubaridi na mvua ya kutosha.

Sababu haiko mbali. Mahindi ndiyo ugali, na mkulima maskini hulima kwanza kile atakachokula. Ikitokea mvua imekatika katikati ya msimu, familia hukosa chakula na fedha kwa pamoja, kwa kuwa zao lililopaswa kulisha nyumba ndilo hilo hilo lililopaswa kulipa ada ya shule, kununua sabuni na kumtibu mgonjwa. Ikitokea mvua imekuwa nzuri, kila mmoja huvuna kwa wakati mmoja na bei huanguka. Mwaka 2017 liliongezeka jambo jingine pale viwavijeshi vamizi walipobainika nchini, katika mkoa jirani wa Rukwa, na kushambulia mahindi kwa namna ambayo wakulima wengi hawakuwa wameizoea.

Ni kutokana na hali hiyo kwamba wataalamu wa kilimo wamekuwa wakihimiza wakulima wa ukanda huo kuongeza mazao mengine kando ya mahindi, hususan ufuta, alizeti, mtama, karanga na mbaazi. Ushauri huo ni mzuri, lakini una upande wa pili ambao mara nyingi hausemwi kwenye mikutano ya hadhara. Mahindi yasipopata mnunuzi huliwa. Ufuta usipopata mnunuzi hauwezi kuwa chakula cha jioni kwa familia ya watu saba. Anayebadili zao bila kuwa na uhakika wa soko anabadili aina ya hatari, na pengine anaiongeza.

Hesabu ya barabara

Ili kuelewa kwa nini ufuta umevuta watu wa bonde hilo, ni lazima kwanza kuiangalia barabara. Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, na Wilaya ya Songwe ikatoka katika iliyokuwa Wilaya ya Chunya. Makao makuu ya mkoa yapo Vwawa, wilayani Mbozi, lakini njia iliyozoeleka ya magari kutoka Mkwajuni kwenda huko hupita Galula na Mbalizi, yaani inamlazimu mwananchi kuingia Mkoa wa Mbeya ndipo arudi mkoani kwake. Kwa miaka mingi njia hiyo imekuwa ya udongo na changarawe, na masika yanapokolea, nauli ya mzigo hupanda pamoja na matope.

Chukulia, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba kusafirisha kilo moja ya mzigo hadi sokoni mjini kunagharimu shilingi 100. Kilo ya mahindi ikiuzwa shilingi 500, usafiri umekula sehemu moja ya tano ya bei. Kilo ya ufuta ikiuzwa shilingi 3,000, usafiri ule ule umekula sehemu moja ya thelathini. Barabara mbovu humwadhibu zaidi mwenye zao zito na la bei ndogo. Ndiyo maana hata wakoloni walipotafuta mazao ya kulimwa mbali na reli walipenda yale yenye thamani kubwa kwa uzito mdogo, na ndiyo maana tumbaku ilistawi kwa miongo mingi katika Chunya wakati mahindi ya huko yakibaki chakula cha nyumbani.

Ufuta una sifa nyingine zinazomfaa mtu asiye na mtaji. Ekari moja inahitaji kilo mbili hadi tatu tu za mbegu. Hukomaa kwa takriban miezi mitatu hadi minne, huvumilia ukame kuliko mahindi, na mkulima anaweza kuupanda bila kununua mbolea nyingi, ingawa kwa kufanya hivyo asitarajie maajabu. Kituo cha utafiti cha Naliendele, mkoani Mtwara, ndicho kilichotoa aina bora zinazofahamika nchini kama Ziada 94, Naliendele 92, Lindi 2002 na Mtwara 2009. Wanunuzi wakubwa wa ufuta wa Tanzania wapo nje, China ikiwa miongoni mwao, na bidhaa hiyo inahitajika kwa mafuta, vitafunwa na viungo.

Ugumu wake upo mwishoni. Vitumba vya ufuta hupasuka vikikauka, na mbegu humwagika chini. Mkulima akichelewa siku chache tu kukata, sehemu ya mavuno inabaki ardhini ikiliwa na ndege. Inatakiwa kukata wakati vitumba vya chini vimeanza kuwa vya manjano, kufunga mashina kwa mafungu, kuyasimamisha yakauke, kisha kuyapigapiga juu ya turubai. Asiye na turubai hupigia kwenye udongo, na mchanga ukishaingia ndani ya ufuta, kuutoa ni kazi kubwa. Mnunuzi wa ng'ambo hapendi mchanga. Kwa hiyo turubai, kitu kinachoonekana kidogo, linaweza kuamua bei ya msimu mzima, na ni jambo la kushangaza kwamba miradi mingi ya kilimo hutumia fedha nyingi kwenye semina na kusahau turubai.

Anayekuja na fedha mkononi

Mtu wa kwanza kufika shambani si bwana shamba wala ofisa ushirika. Ni mlanguzi. Anakuja Januari au Februari, wakati akiba ya chakula imekwisha, watoto wanatakiwa shuleni na ufuta ungali kijani. Anatoa fedha taslimu kwa makubaliano kwamba mavuno yatakuwa yake kwa bei anayoitaja siku hiyo. Katika mikoa ya Lindi na Mtwara, ununuzi wa namna hii na ule wa vipimo visivyo halali umepewa majina ya kangomba na chomachoma, na umepigiwa kelele na viongozi wa awamu zote. Haujaisha.

Haujaisha kwa sababu unatatua shida ya kweli. Ni rahisi kwa mtu wa mjini mwenye mshahara wa mwisho wa mwezi kumlaumu mkulima kwamba anauza jasho lake kwa bei ya kutupa. Lakini mlanguzi ndiye benki pekee inayomfuata mkulima hadi kwenye kibanda chake, bila fomu, bila hati ya nyumba, na inayolipa siku hiyo hiyo.

Tatizo ni gharama yake. Turudi kwenye mfano ule wa hesabu. Ekari inayotoa kilo 300 za ufuta, kwa shilingi 3,000 kwa kilo, ina thamani ya shilingi 900,000. Ekari inayotoa magunia kumi ya mahindi ya kilo 100, kwa shilingi 500 kwa kilo, ina thamani ya shilingi 500,000. Kwa hesabu hiyo ufuta umeshinda. Lakini mkulima aliyeuza ufuta wake mchanga kwa nusu ya bei amepata shilingi 450,000, yaani pungufu ya yule wa mahindi, na hana ugali ndani. Tofauti ya faida na hasara haikuwa kwenye udongo wala kwenye mbegu. Ilikuwa kwenye shida ya fedha ya mwezi wa Februari.

Kwenye mahindi na mpunga hila huwa ya namna nyingine, nayo ni lumbesa: gunia linaloshonewa kilemba juu ili liingize debe moja au mawili zaidi, huku bei ikibaki ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukisisitiza kwamba mzigo wa mazao usizidi kilo 100 na upimwe kwa mizani. Mahali pasipo na mizani, sheria hiyo haina meno.

Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 2019 Serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini nchini, la kwanza likiwa Geita, mchimbaji mdogo wa dhahabu alipata mahali pa wazi pa kupimia na kujua bei ya siku. Wilaya ya Songwe ni nchi ya dhahabu. Mgodi wa New Luika ulioanza kuzalisha mwaka 2012 upo huko, na wachimbaji wadogo ni wengi. Kijana wa Mkwajuni anaweza kuona kwa macho yake namna gramu moja ya dhahabu inavyopimwa kwa uangalifu, kisha akarudi nyumbani na kukuta ufuta wa mama yake unapimwa kwa kopo.

Ghala na stakabadhi

Jibu ambalo Serikali imelichagua kwa ufuta ni mfumo wa stakabadhi ghalani, na Mkoa wa Songwe nao umeingizwa katika utaratibu huo. Mfumo unatokana na sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 2005, na ulianza kushika kasi kwenye korosho za Mtwara katika msimu wa 2007/2008.

Unavyofanya kazi si vigumu kueleweka. Mkulima hupeleka ufuta kwenye chama chake cha msingi cha ushirika, maarufu kama AMCOS. Unapimwa, ubora wake unakaguliwa, naye anapewa hati inayoonyesha kiasi alichokabidhi. Mzigo wa wakulima wengi hukusanywa na kupelekwa ghala kuu lenye leseni. Wanunuzi hushindana kwenye mnada. Zamani walitumbukiza barua za zabuni kwenye sanduku lililofunguliwa mbele ya wakulima. Katika miaka ya karibuni mnada umehamia kwenye mtandao wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), ambako kampuni iliyopo Dar es Salaam inaweza kutaja bei bila kutuma mtu Mkwajuni. Wakulima waliokusanyika wakiona bei haifai, wanayo haki ya kuikataa na kusubiri mnada mwingine. Usimamizi wa mazao ya jamii hiyo upo pia chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nafaka na Mazao Mchanganyiko (COPRA).

Faida kubwa ya utaratibu huu ni kwamba unabadili ukubwa wa muuzaji. Mwenye magunia mawili hana sauti mbele ya mnunuzi wa nje, lakini ghala lenye tani mia kadhaa linayo. Kwa kuwa bei hutangazwa hadharani, hata yule anayemuuzia mlanguzi kando anajua anapunjwa kiasi gani, na huo pekee ni mtaji wa majadiliano.

Malalamiko nayo yapo, na si ya kupuuzwa. Mkulima hulipwa baada ya mnada na baada ya mnunuzi kuingiza fedha, hivyo husubiri siku kadhaa na wakati mwingine zaidi. Fedha hupitia akaunti ya benki, wakati benki zenyewe ziko mbali na vijiji vingi. Yapo makato ya chama, ya ghala na ya usafirishaji, pamoja na ushuru wa halmashauri, ambao tangu bajeti ya mwaka 2017/2018 umekuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 ya awali, na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima anayekatwa shilingi hapa na pale bila kupewa maelezo huona bei ya mnada ni hadithi. Vyama vya ushirika navyo vina historia yenye makovu: Serikali ilivunja vyama vikuu mwaka 1976, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982, na mageuzi ya biashara huria ya miaka ya 1990 yakavikuta vingine vikiwa na madeni na viongozi wasioaminika. Mzee aliyewahi kupoteza malipo yake ya tumbaku au kahawa hahitaji kuelezwa maana ya neno ushirika.

Lakini kasoro kubwa zaidi ni moja, nayo haizungumzwi sana. Wazo la awali la stakabadhi ghalani halikuwa mnada. Lilikuwa mkopo. Kuanzia mwaka 2002, Programu ya Uendelezaji wa Mifumo ya Masoko ya Mazao ya Kilimo, iliyotekelezwa kwa mkopo wa shirika la Umoja wa Mataifa la IFAD katika mikoa ya kaskazini na Nyanda za Juu Kusini, ukiwamo Mbeya uliokuwa bado na Mkwajuni ndani yake, ilijaribu utaratibu ambapo mkulima huweka nafaka ghalani, hupokea sehemu ya thamani yake kama mkopo kutoka SACCOS kwa dhamana ya ile stakabadhi, hutatua shida zake za nyumbani, kisha husubiri bei ipande ndipo mzigo uuzwe na deni kulipwa. Karatasi ilikuwa na thamani ya fedha tangu siku ya kwanza. Huo ndio ulikuwa moyo wa mfumo.

Kadiri miaka ilivyokwenda, hasa kwenye mazao ya kuuza nje, stakabadhi imegeuka kuwa risiti ya kusubiria malipo, na ghala limekuwa kituo cha kupitishia mzigo kuelekea mnadani. Kwa namna hiyo mlanguzi ameachiwa uwanja ule ule aliokuwa nao. Polisi na mgambo wanaweza kuzuia malori yake barabarani mwezi Juni, lakini mkataba wake ulishafungwa mwezi Februari kwa kupeana mikono. Benki ya Maendeleo ya Kilimo (TADB), iliyoanza kazi mwaka 2015, pamoja na benki za biashara zilizopunguza riba za kilimo, zimefungua mlango kwa vyama vilivyojipanga. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu navyo vina asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Hata hivyo kati ya mlango huo na mkulima wa ekari mbili asiye na kikundi bado kuna safari.

Soko linaloweza kufungwa

Upande wa pili wa mkoa upo Tunduma, mpaka wenye shughuli nyingi, ambako barabara kuu na reli ya TAZARA huingia Zambia. Mwaka 2019 marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde. Kwa mkulima wa mahindi na mpunga hilo ni soko la karibu lenye watu wenye njaa ya nafaka hadi Congo. Mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame mkali na kuutangaza kuwa janga la kitaifa, iliigeukia Tanzania kununua mahindi kupitia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA).

Ila mpaka unaofunguka unaweza pia kufungwa. Serikali ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi mwaka 2011 na tena mwaka 2017, kwa hoja ya usalama wa chakula, na kila mara mkulima ndiye aliyebaki na shehena. Mwaka 2023 masharti ya vibali yalikwamisha malori mipakani. Mwaka 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa madai ya sumukuvu. Hoja ya chakula kwanza ina uzito wake. Nchi haiwezi kuuza nje huku watu wake wakilala njaa. Lakini gharama ya hoja hiyo imekuwa ikibebwa na yule anayelima, wakati anayefaidika kwa bei ndogo ya unga ni mkazi wa mjini, ambaye ndiye msomaji wa habari hizi.

Mazao mbadala hayana kinga dhidi ya jambo hilo. Mbaazi ndiyo mfano unaokumbukwa zaidi. Wakulima walihamasishwa kuilima, bei ikapanda vizuri, kisha Agosti 2017 India, mnunuzi mkuu, ikaweka ukomo wa kiasi cha mbaazi kinachoingia nchini mwake. Bei iliporomoka kwa kiwango ambacho wengine waliacha zao liozee shambani. Wakulima wa alizeti wa Singida na Dodoma nao mwaka 2023 walilalamikia bei kuanguka, wakitaja mafuta ya nje yaliyoingia kwa ushuru nafuu. Hakuna mkulima wa kijijini aliyekosea kitu katika matukio hayo mawili. Uamuzi ulifanyika Delhi na Dodoma.

Ndiyo maana ushauri wa kuhama moja kwa moja kutoka mahindi kwenda ufuta haufai kwa kaya maskini. Wanaoonekana kusimama imara zaidi ni wale wanaogawa shamba: sehemu ya mahindi au mtama kwa ajili ya ghala la nyumbani, sehemu ya ufuta kwa fedha, na mistari ya mbaazi au karanga ambazo hula na kuuza na ambazo pia hurutubisha ardhi. Mahindi ya kula yakihifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile inayoitwa kinga njaa, hayaliwi na dumuzi, mdudu aliyebainika nchini, mkoani Tabora, miaka ya mwanzo ya 1980. Familia yenye ugali hadi Machi haiuzi ufuta mchanga Februari, kwa hiyo mfuko wa mahindi hulinda bei ya ufuta.

Lipo pia soko ambalo takwimu za mauzo ya nje haziligusi. Machimbo ya dhahabu yamejaza watu wanaokula kila siku na wasiolima. Wanahitaji mchele, maharage, nyanya, mayai na mchicha, na wanalipa taslimu. Mboga nyingi za miji ya machimbo husafirishwa kutoka milimani Mbeya, zikifika zimechoka. Bustani ya robo ekari yenye maji ya kisima haiwezi kutajwa kwenye mnada wa TMX, lakini inaweza kumpa mwanamke wa kijijini shilingi za kila wiki.

Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/2022 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na kuvuka trilioni moja mwaka 2024/2025. Sehemu kubwa imeelekezwa kwenye umwagiliaji, ruzuku ya mbolea na mbegu, na pikipiki za maofisa ugani. Katika bonde la Rukwa, ufuta hukatwa kati ya Mei na Juni, na minada hufuata mara baada ya hapo. Mkopo wa kumvusha mkulima, ili uwe na maana, unapaswa kuwa umefika mikononi mwake kabla ya Februari.